Maikrowevu iliyokufa: utoe vipuri vyepesi, ugeuze transfoma, au uanze na pawasapulai ya kompyuta?

Kijana wa kidato cha tatu alikuja nyumbani kwangu Njoro, hapa Moshi, Jumamosi asubuhi akiwa na maikrowevu begani, waya wake ukining'inia mgongoni. "Shikamoo mwalimu. Hii mama kanipa, haipashi tena. Nataka nitoe transfoma nitengeneze mashine ya kuchomelea." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aishushe chini ya mparachichi na asiguse hata skrubu moja kabla hatujaongea.

Tuliongea zaidi ya saa nzima. Mazungumzo ya namna ile nimeshayafanya na vijana wengi, wa hapa na wa Arusha, kwa sababu maikrowevu zilizokufa zimekuwa nyingi. Hoteli zinabadilisha vyombo, wageni wanaohama wanauza vitu vya ndani, na umeme ukikatika halafu ukarudi kwa nguvu, bodi ya saketi inaungua. Kwa wauza chuma chakavu unaweza kuipata kwa bei ya chini kuliko kuku wa kienyeji. Mtu anayependa kufungua vitu aone nini ndani hawezi kuipita hivi hivi, na mimi simlaumu, maana nami ndivyo nilivyoanza.

Ninazoziona ni njia tatu. Ya kwanza ni kutoa vipuri vyepesi tu (motor, feni, swichi, sumaku) na kuachana na mengine. Ya pili ni kuigeuza ile transfoma kubwa iwe mashine ya kuchomelea vibati kwa nukta, ambayo mafundi bodi huiita spoti. Ya tatu ni kuiacha maikrowevu kabisa na kufanyia majaribio yako kwenye pawasapulai ya kompyuta kuukuu, lile kasha linaloigawia kompyuta umeme. Kila moja ina mtu wake.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali manne: hatari iliyopo ni ipi, unahitaji vifaa gani na kwa gharama ipi, unapata nini mwishoni, na inamfaa nani. Swali la hatari nitalikalia zaidi, kwa sababu wengi tumezoea kwamba kifaa kikishachomolewa kwenye soketi kimekufa. Kwa pasi ni kweli. Kwa maikrowevu si kweli.

Transfoma iliyo ndani inachukua volti 230 za TANESCO na kuzipandisha mpaka kama 2,000. Kapasita na dayodi vinaziongeza tena, hata magnetroni inapata kama volti 4,000. Magnetroni ndiyo moyo wa chombo, kipuri kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula. Asili yake ni kwenye rada: wanafizikia wa Uingereza, Randall na Boot, waliunda ya namna hii Birmingham mwaka 1940, na bila volti nyingi namna hiyo haitoi mawimbi. Sasa yule kapasita anatunza chaji. Kwa kawaida ndani yake kuna rezista inayoimwaga chaji hiyo kwa muda mfupi baada ya umeme kukatwa, lakini rezista ikikatika chaji inabaki, na kwa nje huoni dalili yoyote.

Kuna jambo la pili ambalo hata watu waliosoma umeme hulisahau. Ile swichi ya usalama kwenye meni swichi, inayokata umeme mtu anapopigwa shoti, haikulindi na umeme unaotoka upande wa pili wa transfoma. Koili ya pili, ile inayotoa volti nyingi, imejitenga na umeme wa nyumba, kwa hiyo mkondo unapita mwilini mwako na kurudi kwenye transfoma yenyewe, na swichi haioni kitu. Tena mara nyingi ncha moja ya koili hiyo imeungwa kwenye chuma cha transfoma, na chuma hicho kimefungwa kwenye bodi, yaani kasha la chuma la maikrowevu. Ukishika bodi kwa mkono mmoja na ncha ya pili kwa mwingine, umekamilisha njia kupitia kifuani. Miliampea 100 zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo, na transfoma hii inaweza kutoa mara kadhaa ya hizo. Nyaya za volti 11,000 zilizo juu ya nguzo za mtaani kila mtoto anazijua na kuziogopa. Hii iko mezani, ina sahani ya kioo na kitufe cha bisi, wala haitishi mtu.

Kwa sababu hiyo kuna mambo mawili sitayaweka kwenye mizani. La kwanza ni kuwasha magnetroni nje ya kasha lake. Mawimbi yale huunguza jicho kabla mtu hajahisi joto. La pili ni kuchora mbao kwa umeme wa transfoma hii, michoro ile inayofanana na mizizi ya radi. Inapendeza kutazama, lakini imeua watu, wakiwemo waliokuwa wameifanya mara nyingi. American Association of Woodturners, chama cha wakereza mbao cha Marekani, kimeipiga marufuku kwenye shughuli zake. Kijana akiniuliza kuhusu haya mawili, jibu langu ni hapana, na sina mashauri ya kuongeza.

Njia ya kwanza: kutoa vipuri vyepesi

*Hatari.* Hatari kubwa unapita nayo jirani mara moja tu, pale mwanzo, kabla kapasita hajatolewa chaji na kufunguliwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usilifanye mwenyewe. Ipeleke kwa fundi anayezitengeneza kila siku, mlipe chochote, akufungulie kasha, amwage chaji na akutolee kapasita na transfoma. Kinachobaki unarudi nacho nyumbani.

Mimi naipeleka kwa mzee mmoja mwenye kibanda karibu na Soko la Mbuyuni. Siku moja nilikaa kwenye kigoda nimtazame. Kwanza alichomoa plagi na kuiweka juu ya meza, mbele ya macho yake, ili asiwepo mtu wa kuichomeka bila yeye kuona. Akavua saa. Mkono wa kushoto akauingiza mfukoni na haukutoka mpaka kazi ilipokwisha. Kwa mkono wa kulia alishika kijiti kirefu cha plastiki chenye rezista kwenye ncha, waya wake ukiwa umebanwa kwenye bodi, akakigusisha kwenye ncha moja ya kapasita, akatulia, akahamia ya pili. Ikasikika "ta!" ndogo, kama kijiti kikavu kikivunjika. "Umesikia, mwalimu?" akaniuliza bila kunigeukia. "Hii mteja aliileta jana jioni." Akarudia mara mbili zaidi, kisha akaziunganisha ncha zote kwa kipande cha waya na kukiacha hapo hapo. Wapo mafundi wanaogusisha bisibisi moja kwa moja mpaka cheche kubwa iruke. Yule mzee hataki, na bisibisi za wenzake zenye ncha zilizoungua zinatosha kueleza sababu.

*Vifaa na gharama.* Bisibisi ya nyota, koleo, maltimita ya kawaida. Baadhi ya makasha yana skrubu zenye kichomozi katikati, na hizo zinataka bisibisi yake. Hela ya fundi ndiyo gharama kubwa.

*Unachopata.* Hapa ndipo watu wanapodharau bila sababu. Kuna feni imara. Kuna swichi ndogo za mlango, kwa kawaida tatu, zinazobeba mkondo mkubwa na zinazodumu. Kuna vikata-joto vinavyozima umeme vikifikia nyuzi fulani, na hivi anayetengeneza kitotoleshi cha vifaranga anavihitaji kweli. Kuna fyuzi, taa, na waya mzuri wenye plagi.

Kuna pia kimotor kidogo cha kuzungusha sahani, na hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Soma maandishi yake: vingine ni vya volti 220 hadi 240, vingine vya 21. Kinazunguka mara tano au sita tu kwa dakika, kwa sababu ndani kina meno mengi ya kupunguza mwendo. Ukikigeuza kwa mkono, meno yale yanafanya kazi kinyume, sumaku ya ndani inazunguka kasi, na kinazalisha umeme. Darasani tulikifungia mpini wa mti, tukaunganisha rezista na taa mbili ndogo za LED zinazotazamana kinyume. Msichana mmoja akazungusha polepole, zikawaka kwa zamu, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, hata yule aliyekuwa anasinzia nyuma akasimama. Umeme wa kubadilika mwelekeo, ambao ubaoni nilikuwa nimeueleza kwa vipindi viwili, waliuona kwa macho yao. Tahadhari moja: usishike ncha zake wazi wakati mtu anazungusha, kwa maana kile cha volti 230 kinauma vidole.

Sumaku mbili za duara zilizo kwenye magnetroni ni nzuri pia, ila usizifuate kwa nyundo. Magnetroni ina sehemu za kauri, na kwenye baadhi kauri hiyo ina oksidi ya beriliamu, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Usiivunje, usiisage, usiipige tupa. Fundi anaweza kufungua fremu na kuzitoa bila kugusa kauri. Kama hawezi, ziache.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, mwalimu anayetafuta vifaa vya kufundishia, na mtu anayefungua kifaa kwa mara ya kwanza. Kumbuka tu kwamba feni na motor hizi bado ni za umeme wa nyumba. Usiziwashe zikiwa na nyaya wazi mezani.

Njia ya pili: kugeuza transfoma

*Hatari.* Inaanza na hatari ile ile ya kapasita, kisha inaongeza ya kwake. Koili nyembamba inayotoa volti 2,000 inakatwa na kuondolewa yote, na mahali pake unapitisha mizunguko miwili ya kebo nene. Ikishaondoka, zile volti 2,000 zimeondoka moja kwa moja. Kinachotoka sasa ni kama volti 2, ambazo hazikupigi shoti. Badala yake zinabeba mkondo wa mamia ya ampea, na pete au bangili ikigusa ncha zote mbili inaiva kidoleni. Vua kila kitu cha chuma mkononi.

Koili ya kwanza, ile inayopokea umeme wa nyumba, bado ina volti 230, na hii ndiyo inayowaponza waliodhani wameshavuka. Msumeno ukiteleza ukaikwaruza, umeharibu kinga yake na chuma chote kinaweza kuwa na umeme. Lazima chuma cha transfoma kiungwe na ethi (waya unaokwenda ardhini), na hapo kuna tatizo la nyumba zetu: soketi ina matundu matatu, lakini nyuma ya ukuta waya wa ethi haupo, au umeishia hewani. Fundi umeme aipime kwanza. Halafu kuna cheche, na kuna moshi. Mabati yetu yamepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta unakuletea homa na baridi usiku huo huo. Kazi hii ni ya nje.

*Vifaa na gharama.* Msumeno wa chuma, patasi, kebo ya unene wa milimita za mraba 35 hadi 50, ncha za shaba, swichi ya mguu, kasha la kuziba ncha za koili ya kwanza, feni ya kupoza, miwani. Kebo peke yake inaweza kukugharimu kuliko ulivyonunua maikrowevu nzima. Kabla ya kununua, angalia mambo matatu. Maikrowevu za kisasa za inveta hazina transfoma ile nzito, kwa hiyo ukiinyanyua ukaiona nyepesi mno, huna cha kugeuza. Iliyoletwa kutoka Marekani imeandikwa volti 120 na haifai kuchomekwa kwenye soketi zetu. Tena transfoma nyingi za siku hizi zimesukwa kwa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, zinachemka haraka, na muuza chakavu atakayekuuzia kwa bei ya shaba amekupunja.

*Unachopata.* Mashine inayounganisha vibati vyembamba kwa nukta: makopo, vikasha, vibanio vya betri. Kwa anayetengeneza vikasha vya bati ni chombo kizuri. Niseme wazi kwa wale wanaokuja na ndoto ya mageti: haitachomelea geti. Volti 2 hazishikilii moto wa elektrodi, na mashine ya geti ni kitu kingine kabisa. Kijana wangu wa Njoro hilo ndilo lililomvunja moyo. Alikuwa amekwisha kumwahidi mjomba wake kitanda cha chuma.

*Inamfaa nani.* Aliyepita kwenye mafunzo ya umeme, VETA au Arusha Technical College kwa mfano, au anayefanya kazi chini ya mtu wa namna hiyo, kwenye karakana yenye ethi iliyopimwa, na mtu wa pili akiwa amesimama pale anapoweza kuifikia meni swichi. Mtu wa pili aambiwe mapema: mwenzako akinasa, usimshike, zima kwanza.

Njia ya tatu: pawasapulai ya kompyuta

*Hatari.* Ndogo kuliko zote, kwa sharti moja, kwamba kasha lake halifunguliwi. Ndani kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 kwa muda baada ya kuzima. Nje ya kasha unapata volti 12, 5 na 3.3, ambazo ukizigusa kwa mkono mkavu huhisi kitu. Ukikosea ukaunganisha nyaya vibaya, yenyewe inajizima. Kwa mtu anayejifunza, kosa lisiloua ni jambo kubwa sana.

*Vifaa na gharama.* Kompyuta za mezani zilizostaafishwa zimejaa kwenye maduka ya mafundi kompyuta, Arusha na hapa Moshi, na mara nyingi pawasapulai bado ni nzima. Waya wa kijani ukiuunganisha na mmoja mweusi inawaka. Njano ni 12, nyekundu ni 5, ya chungwa ni 3.3, nyeusi ni hasi. Ipime kwa maltimita kabla ya kuiamini. Baadhi ya zile za zamani hazitulii mpaka uziwekee mzigo kidogo kwenye waya mwekundu, balbu ndogo ya gari inatosha.

*Unachopata.* Umeme wa kuendeshea motor ndogo, taa, bodi za majaribio na waya wa moto wa kukatia stairofomu. Na kuna jaribio moja ambalo kwa mikoa yetu limekaa kama limetengenezwa kwa ajili yetu, nalo ni kuondoa kutu.

Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi ya sokoni, yale yanayotoka Ziwa Natron. Magadi ni chumvi ya sodiamu inayoyawezesha maji kupitisha umeme. Vijiko vichache kwa ndoo vinatosha. Jembe au panga lenye kutu unalining'iniza kwenye waya mweusi. Kwenye waya mwekundu wa volti 5 unaning'iniza chuma chakavu, kisigusane na jembe. Washa. Baada ya dakika chache jembe linaanza kutoa mapovu membamba kama soda iliyofunguliwa, na povu la kahawia linapanda juu. Kesho yake unalitoa jeusi, unalisugua kwa brashi, na alama ya kiwanda iliyokuwa haisomeki inasomeka. Mapovu yale ni haidrojeni, kwa hiyo fanya nje, mbali na jiko na sigara. Usitumie chuma cha pua upande wa waya mwekundu, kwa sababu kinaacha sumu ya kromiamu kwenye maji.

Ulichokosa ni nguvu kubwa. Pawasapulai haitachomelea kitu.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu anayeanza, shule zisizo na maabara kamili, na mzazi anayetaka mtoto ajifunze bila yeye kukaa roho juu.

Uchague kwa hali yako

Kama maikrowevu unayo tayari na huna uzoefu wa umeme, ipeleke kwa fundi ikiwa imefungwa. Muulize kwanza kama inatengenezeka. Kuna wakati kilichoharibika ni fyuzi, au kile kibamba cha mika kilicho ukutani ndani, nacho ni rahisi kubadilisha. Ikishindikana, chukua vipuri vyepesi na muachie yeye transfoma na kapasita.

Kama huna maikrowevu na unataka kujifunza tu, usiitafute. Nunua pawasapulai.

Kama una cheti cha umeme na una kazi halisi ya vibati, geuza transfoma, lakini hesabu kebo, swichi, ethi na kasha kabla ya kuanza kukata. Ukikuta jumla inakaribia bei ya mashine ya spoti iliyotumika, nunua mashine.

Kama unaishi chumba kimoja na watoto wadogo, sahau njia ya pili, na ya kwanza ifanye baada ya kapasita kubaki kwa fundi. Chombo kilichofunguliwa nusu kisilale chini ya kitanda.

Kama unafundisha, anza na pawasapulai na ndoo ya magadi, halafu muhula unaofuata lete kile kimotor cha sahani.

Yule kijana alichukua njia mbili. Tulikwenda pamoja Mbuyuni, mzee akamwaga chaji, akachukua transfoma kama malipo na kumrudishia feni, swichi na motor kwenye mfuko wa rambo. Pawasapulai nilimwazima yangu. Jumamosi iliyofuata alikuja na panga la bibi yake limefungwa kwenye gazeti, akaniomba na magadi.